Kumwandika Buibui wa Longuza

Mnyama yeyote aliyepewa jina jipya la kisayansi baada ya mwaka 1930 lazima jina lake liambatane na maelezo ya maneno, yanayotaja sifa zinazomtofautisha na wenzake. Ndivyo inavyodai Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, na kanuni hiyo haibabaishwi na picha: mtu anaweza kuwa na picha mia za kupendeza, zilizopigwa kwa kamera ya bei mbaya, na bado jina lake lisihesabike kwa sababu hakuandika. Ninalipenda sharti hilo. Limenishikisha kalamu kwa muda mrefu sasa, mimi na mwenzangu wa chuo kikuu, tukimwandika buibui mdogo mweusi aliyetoka ukingoni mwa msitu wa chini, karibu na mashamba ya mitiki ya Longuza wilayani Muheza, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ugunduzi wa spishi umo humo, katika kuandika. Kumwona mnyama asiyejulikana ni jambo la dakika moja. Kumweka katika maneno ambayo mtu wa Bulawayo au wa Stockholm, asiyetufahamu wala asiyewahi kufika Tanga, anaweza kuyachukua na kumtambua buibui yule yule ndani ya chupa yake, au akayapinga kwa hoja, huchukua miaka.

Jina tulilomchagulia silitaji hapa. Jina linalotangulia kutajwa hadharani bila maelezo yake halina hadhi yoyote kisheria, na huwaletea usumbufu wanaokuja kulikuta limezagaa bila mwenyewe. Nitamwita buibui wa Longuza, na hilo si jina lake.

Ukiwatajia watu wa Tanga buibui, wengi hufikiria wale wa utando: wa pembeni mwa dari, wa kwenye miembe, na yule mkubwa mwenye uzi wa rangi ya dhahabu anayeutandaza kati ya nyaya za umeme. Buibui wa ardhini, ambao wataalamu wamewaweka katika familia ya Gnaphosidae, hawafungi utando wa kutegea mawindo. Huwinda kwa miguu, na wengi wao huwinda usiku. Mchana hujilaza ndani ya kifuko cha hariri walichokishona chini ya jiwe, chini ya gogo au katikati ya majani makavu. Duniani wamekwisha kuelezwa zaidi ya spishi 2,000 za familia hii, lakini kwa kuwa wengi ni weusi, wa kijivu au wa kahawia, hawana marembo, na hukimbia mara tu jiwe linapoinuliwa, ni wachache waliowatazama kwa makini hata miongoni mwa watu wanaolima kila siku juu ya makazi yao.

Mwenye hadubini huwatambua kwa mambo mawili. La kwanza liko mwishoni mwa tumbo: viungo viwili vya mbele vya kutolea uzi ni virefu, vya mviringo, na vimeachana, ilhali katika buibui wengine wengi vina umbo la koni na vimegusana. La pili ni macho. Buibui hawa wana macho manane yaliyopangwa katika safu mbili, na yale mawili ya katikati katika safu ya nyuma ni bapa, yamelala mshazari, na mara nyingi hung'aa rangi ya fedha. Mwaka 1999 watafiti waliochapisha katika jarida la Nature walionyesha kwamba katika spishi moja ya familia hii, Drassodes cupreus, macho hayo mawili hayakuumbika kwa ajili ya kuona maumbo. Ni dira. Hupokea mwanga wa anga ambao mawimbi yake yameelekea upande mmoja, jambo ambalo jicho la binadamu haliwezi kulibaini, na kwa mwanga huo buibui anayetoka kuwinda machweo hujua njia ya kurudi kwenye kifuko chake.

Vile viungo vya uzi navyo vina habari yake, na mimi kila ninapoisimulia husisimka upya. Buibui wengi wana uzi wenye gundi ambao kazi yake ni moja tu, kuubandika uzi mwingine ukutani au kwenye jani. Mwaka 2017, katika jarida la Journal of Experimental Biology, watafiti walieleza kwamba buibui wa ardhini wamekuza matundu ya uzi huo hadi yakawa mapana, na sasa wanautumia kama silaha. Buibui anapokutana na windo la hatari, hata buibui mwenzake aliye mkubwa kuliko yeye, hamrukii kumuuma. Humzunguka mbio huku akimpaka uzi wa gundi miguuni na mdomoni, hadi windo linanata na kushindwa kujitetea, ndipo huuma. Faida hiyo ameilipia: matundu yaliyopanuka hayawezi tena kuubandika vizuri uzi wa kujiningʼinizia, na ndiyo maana humkuti akining'inia darini. Ukiyajua hayo, unaponyoosha miguu ya kielelezo kilichokufa chini ya taa unajua vilevile kwamba kila umbo unalolipima lina kazi, hata kama kazi hiyo hujaigundua.

Tulimpata kwa mitego ya shimo. Kikombe cha plastiki hufukiwa mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, hutiwa maji kidogo yenye sabuni, na juu yake hukalishwa kipande cha bati kwenye vijiwe ili mvua isikijaze. Sabuni inatakiwa kwa sababu bila hiyo mdudu mwepesi husimama juu ya maji na kutoka salama. Vikombe tulivichagua vidogo kwa makusudi, kwa kuwa milima hii ya Usambara ina vyura wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na sikuona haki kumwandika mnyama mmoja kwa kumzamisha mwingine. Kinachoingia zaidi ni siafu, mende wa msituni, jongoo na nzige wachanga. Buibui huwa wachache, na buibui mwenye manufaa kwa kazi hii ni mchache zaidi.

Mzee mmoja wa kijiji cha Kisiwani aliyekuwa akituongoza alisimama kando ya shimo la kwanza akiangalia jembe letu dogo. "Mwanangu," akaniambia, "wenye utando mnawapita njiani, mnakuja kuwachimbia hawa wa chini?" Nikamjibu, "Wa chini hawajaandikwa, mzee wangu." Hakuuliza zaidi. Alitupeleka upande wa mteremko ambako maji hayatuami, penye mawe na jua la asubuhi, akasema kwamba huko ndiko anakowakuta vijibuibui vyeusi vinavyokimbia bila kusimama kila anapofyeka. Alikuwa sahihi kuliko ramani yetu. Familia hii hupenda mahali pakavu na penye uwazi kuliko msitu mzito wenye unyevu, na sisi kwa mapenzi yetu ya msitu tulikuwa tumeelekea gizani. Vielelezo vyetu vilivyo bora vyote vilitoka kwenye mteremko aliotuonyesha.

Kielelezo kisicho na lebo ni maiti tu. Ndani ya kila kichupa cha alkoholi ya asilimia 70 huingizwa karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka na kufutika: nchi, mkoa, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, namna alivyokamatwa na jina la aliyemkamata. Karatasi hiyo hukaa ndani ya alkoholi pamoja na mnyama, haibandikwi nje, kwa sababu vibandiko hudondoka na chupa hubadilishwa.

Walio wengi katika vichupa huwa ni wachanga, na hao tunawahifadhi bila kuwaandika. Viungo vya uzazi hukamilika buibui anapojivua ngozi mara ya mwisho, na kabla ya hapo spishi nyingi hazitofautiani kwa jicho lolote. Madume ndiyo hujaa mitegoni kuliko majike, kwa kuwa dume aliyekomaa huacha kifuko chake na kuzunguka akitafuta jike, na katika kuzunguka huko hutumbukia. Buibui wa Longuza tuliyenaye ni dume, na wenzake walioungana naye ni madume. Jambo hilo nitalirudia, kwa kuwa ndilo linalotusumbua mpaka leo.

Dume la buibui hubeba mbegu zake katika ncha za vipapasio, vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Kabla ya kutafuta mwenza hufuma kitambaa kidogo cha hariri, hudondosha mbegu juu yake kutoka tumboni, kisha huzifyonza kwa vipapasio na kuzihifadhi humo. Umbo la ncha hizo hutofautiana kati ya spishi na spishi kwa namna ambayo miguu, rangi na ukubwa havitofautiani, na kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo ya buibui yeyote ni maelezo ya kitu ambacho upana wake ni chini ya milimita moja. Kipapasio cha kushoto ndicho hukatwa na kuchorwa, kwa desturi, ili michoro ya watu mbalimbali ilinganishwe bila kugeuzwa.

Buibui wetu hafiki milimita 6 kwa urefu wa mwili. Kichwa-kifua chake ni cheusi kinachong'aa, tumbo ni la kijivu iliyokoza, na miguu ya mwisho ndiyo mirefu kuliko yote, ikifuatiwa na ya kwanza. Karibu na ncha ya mguu wa tatu na wa nne, upande wa chini, kuna kitana cha nywele ngumu zilizojipanga, na kitana hicho ndicho kinachomwingiza katika kundi la jenasi (yaani ukoo wa spishi za karibu) iitwayo Zelotes na ndugu zake. Hapo bado hatujafika kwenye spishi. Spishi imo katika muundi wa kipapasio, wenye mwiba mfupi uliopanuka kwenye shina na kugawanyika nchani, ncha ya chini ikiwa imepinda kuelekea ndani. Na imo katika sindano ya kupitishia mbegu, inayoanzia upande wa ndani, ikapinda mara moja na kumalizikia katika ncha nyembamba mno, unyuzi mmoja wa mkonge uliochanwa hadi hauchaniki tena. Niliuchora mpindo huo, nikaufuta, nikauchora tena nikiwa nimeugeuza kielelezo pembe nyingine, kwa sababu kila pembe huonyesha mpindo tofauti, na msomaji lazima aambiwe ni pembe ipi.

Katika maelezo ya spishi kuna sehemu mbili ambazo mtu wa nje anaweza kuzichanganya. Moja hueleza mnyama mzima: urefu, upana, umbali kati ya jicho na jicho, idadi ya miiba katika kila sehemu ya kila mguu. Hiyo ni ndefu, na inahitaji subira tu. Nyingine ni fupi, pengine sentensi tatu, na ndiyo inayobeba dai lenyewe: kwamba spishi hii inafanana zaidi na ile fulani kwa sifa hizi, na inatofautiana nayo kwa sifa hizi. Sentensi hizo tatu ndizo zilizotumalizia muda. Ukiandika kwamba mwiba ni "mfupi", mtu atauliza, mfupi kuliko nini? Ukiandika kwamba rangi ni nyeusi, lazima useme ni rangi ya kielelezo kilichokaa katika alkoholi, kwa kuwa alkoholi hufifiza rangi, na atakayemkamata akiwa hai huenda akamwona tofauti. Ukiandika "kwa kawaida", ujue umesema kwamba umeona wengi. Kama umeona wachache, neno hilo ni uongo, na tulilitoa.

Nilijizoeza kuandika kwanza kwa Kiswahili, kabla ya kuandika matini itakayopelekwa kwenye jarida. Kanuni haikatazi lugha yoyote. Inapendekeza tu maelezo yawe katika lugha inayotumika sana kimataifa. Katika Kiswahili nilikosa pa kujificha. Istilahi za kigeni zina tabia ya kumpa mwandishi heshima hata pale asipoona vizuri, lakini ninapolazimika kusema mwiba umepinda kuelekea wapi, umepinda kwa kiasi gani, na unaanzia wapi, ama nimeona ama sijaona. Mara kadhaa nilirudi kwenye hadubini katikati ya sentensi.

Dai la upya haliwezi kusimama bila kulinganisha, na kulinganisha ndiko kunakotoka nje ya Tanga. Kazi kubwa tunayoitegemea ni ya Moira FitzPatrick, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Zimbabwe mjini Bulawayo, ambaye mwaka 2007 alichapisha mapitio ya Zelotes wote wa Afrika kusini mwa Sahara, akikusanya mahali pamoja majina yaliyokuwa yametawanyika katika machapisho ya zaidi ya karne moja. Bila kazi hiyo ningalikuwa bado ninapapasa. Nyuma yake yako machapisho ya zamani. Mwaka 1910 Mswidi Albert Tullgren alieleza buibui waliokusanywa na msafara wa Yngve Sjöstedt wa mwaka 1905 na 1906 katika Kilimanjaro na Meru. Mwaka 1915 Roger de Lessert wa Geneva alieleza buibui wa Uganda na wa nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mnorwe Embrik Strand, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 20, alitoa majina mengi kwa buibui wa Afrika Mashariki, mara nyingi bila michoro, na mengine akiyatoa kwa vielelezo vichanga. Aina hiyo ya maelezo huwabebesha mzigo wote wanaofuata, kwa kuwa jina likishatolewa kihalali halifutiki kwa sababu tu halisaidii. Ndiyo maana, ingawa sheria inadai maneno peke yake, ninaona mchoro ni deni la dhamiri.

Maneno na michoro yakishindwa kuamua, hubaki kielelezo chenyewe. Kila spishi ina kielelezo kimoja kinachobeba jina, ambacho wataalamu hukiita holotaipu, na kwa spishi zilizoelezwa baada ya mwaka 1999 mwandishi analazimika kukitaja waziwazi na kusema kitahifadhiwa wapi. Vielelezo vya namna hiyo vya wanyama na mimea wa Usambara vimetawanyika mbali. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika eneo hili la Tanga, alituma kwa baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalieleza kwa jina la Saintpaulia ionantha, na leo ua hilo liko madirishani ulimwenguni kote. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, na mwanazoolojia wa kituo hicho, Julius Vosseler, alikusanya wanyama wengi. Bundi mkubwa wa Usambara alipewa jina lake mwaka 1908. Baadaye Arthur Loveridge alikusanya katika milima hii kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Siwalaumu kwa kukusanya, kwa kuwa bila wao tusingekuwa na cha kulinganisha. Ninachosema ni kwamba mtu wa Muheza anayetaka kuhakikisha kama buibui wa shambani kwake ana jina, baada ya zaidi ya karne moja ya misitu hii kuchunguzwa, bado analazimika kuomba makumbusho ya Ulaya au Marekani yamfungulie chupa.

Kwa sababu hiyo tumekubaliana holotaipu ya buibui wa Longuza ibaki hapa nchini, katika mkusanyiko wa chuo kikuu, na madume mengine mawili, yaani parataipu, yapelekwe kwenye makumbusho ambako wako ndugu zake walioelezwa zamani, ili atakayekuwa analinganisha huko awakute upande kwa upande. Kuna waliotushauri kinyume: kwamba alkoholi hukauka ikisahaulika, na kwamba makumbusho makubwa yana watu wa kuijaza. Hoja hiyo ina uzito na sikuipuuza. Lakini alkoholi hainunuliwi na miujiza huko Ulaya. Hununuliwa kwa bajeti, na bajeti huombwa na mwenye kitu cha kuonyesha. Mkusanyiko usiowekewa kielelezo chochote chenye thamani hautapata fungu la alkoholi milele.

Mwaka 2012, katika jarida la Current Biology, watafiti wa Ufaransa walihesabu muda unaopita kati ya siku kielelezo cha spishi mpya kinapokusanywa na siku maelezo yake yanapochapishwa. Wastani wake ulikuwa miaka 21. Wanyama hukaa katika chupa miaka hiyo yote wakiwa wamekamatwa lakini hawajulikani, na wakati huo msitu walikotoka hausubiri. Katika Usambara ya Mashariki mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa enzi za Wajerumani, umeenea hadi ndani ya misitu ya asili ya Amani na kubadilisha hata majani yanayodondoka chini, na chini ndiko wanakoishi hawa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda eneo kubwa la juu, lakini miteremko ya chini yenye mawe, iliyo kati ya mashamba na msitu, si mahali ambapo mtu huweka kibao cha hifadhi. Spishi isiyoandikwa haiwezi kuingizwa katika tathmini yoyote ya athari za mazingira, kwa kuwa hakuna safu ya kuijaza.

Kuhusu jina, kanuni ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa buibui historia ya majina inaanza mwaka mmoja kabla ya wanyama wengine wote, kwa kitabu cha Mswidi Carl Clerck cha mwaka 1757 kuhusu buibui wa Sweden, ambacho kimekubaliwa ingawa mpaka wa jumla ni kazi ya Linnaeus ya mwaka 1758. Jina la spishi, likiwa kivumishi cha Kilatini, lazima likubaliane na jenasi yake, kike kwa kike na kiume kwa kiume. Si lazima litoke katika Kilatini: mwaka 2002 chura wa milima ya Ukaguru aliitwa Churamiti maridadi, na jina hilo linasomwa kwenye makumbusho ya dunia nzima bila shida yoyote. Si desturi mwandishi kujipa jina lake mwenyewe. Tulikubaliana haraka kwamba jina litokane na mahali, ili atakayelisoma baada ya miaka hamsini ajue pa kwenda kumtafuta, hata kama sisi hatupo wa kuulizwa. Likichapishwa katika jarida la mtandaoni litaandikishwa kwanza katika rejesta rasmi ya ZooBank, sharti lililoanza kutumika mwaka 2012.

Sasa kuhusu jike. Katika shimo mojawapo la mteremko ule, usiku uleule walioingia madume yetu wawili, aliingia jike mmoja aliyekomaa wa jamii hiyohiyo, mweusi, mwenye kitana miguuni na mwenye ukubwa unaolingana. Kiungo chake cha uzazi, kibamba kigumu kilicho chini ya tumbo, tulikitenga na kukilaza katika mafuta ya karafuu, ambayo huifanya nyama ipenyeze mwanga na kuacha mirija ya ndani ionekane. Wengine hutumia asidi ya laktiki. Sisi karafuu tunaipata jirani, na inafanya kazi vizuri. Mirija yake hailingani na jike lolote lililochorwa katika mapitio ya mwaka 2007.

Kila aliyeiona michoro hiyo anasema ni mke wa dume letu, na moyo wangu unasema hivyohivyo. Hata hivyo hatujamwingiza katika maelezo. Kukutwa katika shimo moja si ushahidi wa undugu, kwa kuwa mteremko uleule umetupatia spishi nyingine mbili za Zelotes, na vitabu vya elimu ya buibui vimejaa madume na majike walioozeshwa na mwandishi kwa sababu ya kukutwa karibu, kisha wakatenganishwa na waliofuata. Mguu mmoja wa jike na mguu mmoja wa dume tumevitenga katika alkoholi safi kwa ajili ya kulinganisha kipande cha vinasaba ambacho hutumika kutambulisha wanyama. Majibu yakionyesha ni wamoja, jike ataelezwa katika chapisho lake mwenyewe, kwa michoro yake na kwa sentensi zake tatu. Kwa sasa mahali pake katika matini yetu pameandikwa: jike halijulikani.